Kitako Nilichokataa Kukikata

Nimestaafu mwezi uliopita. Salha na Deo, mliobaki na meza yangu pale karakana ya Woolwich hapa London, mliniomba niandike ninayoyajua kabla sijayasahau. Sijasahau kitu. Shule niliishia darasa la nne na mwandiko wangu mnaujua, umelala kama nyasi baada ya mvua, lakini someni hivyo hivyo. Habari za vyeo muulizane wenyewe. Mimi niliingia duka lile na ufagio, nikatoka fundi wa vitako, na hapo katikati hakuna aliyenibeba mgongoni.

Kitako, kwa msomaji asiye wa kazi yetu, ni ule mti wa nyuma ya bunduki unaokaa begani. Watu husifu chuma, lakini kinachoamua kama utalenga au utaumia shavu ni mti.

Siku ya kwanza nilipelekwa na wakala wa kazi za usafi. Niliambiwa ni duka la bunduki za watu wa shabaha na wawindaji, nifagie, nisiguse kitu. Nikafagia. Kwenye meza ya nyuma palikuwa na kipande cha mti wa walnati kimebanwa kwenye jiliwa, nusu kimechongwa. Nami nililelewa kwenye maranda ya mbao. Baba yangu Tanga alitengeneza vitanda na majeneza kwa randa ile ile. Nikasema peke yangu, kwa Kiswahili, kwamba aliyeupasua mti huu amekata nyuzi zake vibaya, utapasuka shingoni.

Nyuma yangu sauti ikauliza, "Wewe najua mbao?"

Nikageuka. Singasinga mzee, kilemba cha buluu, aproni ya ngozi hadi magotini. Ndiye Fundi Harbans, mzaliwa wa Kisumu, aliyejifunza chuma kwenye karakana za reli kabla hajaja huku. Kiswahili chake kilikuwa cha karakana, hakina mapambo. Nikamwambia najua. Akachukua ufagio wangu, akauegemeza ukutani, akanipa patasi. Mzungu mmoja wa kaunta ya mbele aliponiona nimeshika patasi alikuja mbio kumwambia Harbans kwamba mimi ni mtu wa usafi. Harbans akamjibu kwamba meza ni chafu na mimi naisafisha.

Hivyo ndivyo nilivyoanza. Mchana nafagia, jioni napiga msasa. Ilinichukua miaka miwili kuaminiwa kuingiza chuma kwenye mti, na kazi hiyo bado haina mashine inayoiweza, wacha wauzaji wa mashine waseme. Unawasha utambi wa mafuta, unapaka masizi kwenye chuma, unakiweka juu ya mti, unakigonga kidogo, unakitoa. Palipobaki weusi ndipo mti umegusa, hapo unakwangua unene wa karatasi. Unarudia. Mara mia, mara mia mbili. Siku moja nilichoka, nikakwangua kwa kukisia. Harbans hakunigombeza. Alikivunja kitako kile gotini mbele yangu, akanipa mti mwingine, akaenda kunywa chai.

Alinifundisha na desturi moja ambayo sikuiona duka lingine lolote. Kila mteja anaulizwa mara mbili bunduki ni ya kazi gani. Mara ya kwanza ni mezani, amesimama na cheti chake cha polisi mkononi. Mara ya pili ni wakati wa kumpima, amekunja mkono, nawe umeweka futi kutoka mkunjo wa kiwiko mpaka kidole cha kufyatulia. Harbans alisema mtu akipimwa anarudi kuwa mtoto mbele ya fundi cherehani, hana nafasi ya kutunga. Wazungu wa mbele waliona ni mambo ya wazee wa Afrika. Lakini mwindaji mmoja wa bata, mtu wa tai na kofia, alipoulizwa mara ya pili alijikuta anamweleza Harbans habari za jirani yake na ukuta wa bustani. Hakuuziwa hata soksi.

Kisha serikali ikakataza bastola. Walioishi kwa bastola walidhani dunia imekwisha, na karakana yetu ilibaki na kazi ya kuongeza kamba kwenye mikoba ya risasi. Kilichotuokoa ni karabini, bunduki fupi inayokula risasi zile zile za bastola. Ile inayojikoka yenyewe kwa risasi hizo ilikuwa imekwisha katazwa, ila hii yetu ina mkono wa chuma chini ya kifyatulio, unauvuta kwenda chini na kuurudisha ndipo risasi ya pili inaingia. Watu wa klabu za shabaha wakaihamia. Nami nikaanza kuchonga vitako vya karabini, na humo ndimo nilimopata jina.

Sasa niseme ukweli. Kila harusi niliyokwenda tangu hapo, Lewisham, Hayes, popote walipokaa watu wetu, kuna mtu amenivuta pembeni na kuniuliza: Fundi, nikitaka hiyo fupi ya kulinda familia, nichague ipi? Nimejibu mara nyingi kuliko nilivyokula pilau. Hii nyepesi, haipigi bega sana, mtutu wake mrefu kuliko wa bastola kwa hiyo inatulia mkononi, na ukitaka kuichagua vizuri anza na urefu wa kitako, umpime mtu mfupi kuliko wote atakayeitumia. Hayo yote ni kweli, kwenye uwanja wa klabu. Nyumbani kwako hayana maana. Nchi hii haimpi mtu cheti kwa sababu ya kujilinda. Ukiandika hivyo kwenye fomu umejifungia mlango mwenyewe. Ukiipata kwa shabaha, inakaa kwenye kabati la chuma lililopigiliwa ukutani, risasi zimefungiwa mbali nayo, na funguo ni zako peke yako. Mwizi hawezi kukungojea ufungue makabati. Na risasi ya bastola haiishii kwa mwizi, kuta za ndani za nyumba hizi ni jasi na hewa, inapita mpaka chumba cha watoto.

Wengi walicheka, tukarudi kula. Mmoja hakucheka, na huyo ndiye sababu ya mimi kukaa chini na kalamu.

Alikuwa Mkenya wa Hayes, Josphat, msimamizi wa ghala la mizigo karibu na uwanja wa ndege. Mtu mstaarabu, viatu vinang'aa. Alikuwa mwanachama wa klabu ya shabaha, mweusi peke yake pale, na alikuwa akijivunia hilo, na haki yake. Alikuja dukani na cheti halali chenye nafasi ya karabini moja. Mwenye duka alimpokea, akamuuliza swali la kwanza, Josphat akajibu kwa Kiingereza kilichonyooka: mashindano ya Jumapili, umbali wa yadi hamsini. Akachagua moja ya mtutu mfupi. Akaletwa nyuma kwangu apimwe.

Nikamsalimu, akasikia lafudhi, uso ukafunguka kama dirisha. Watu wetu tuna kosa hili, na nadhani ni sisi tu tulio nalo kwa kiasi hiki. Tukikutana na Kiswahili katikati ya mji huu tunadhani tumeshafika nyumbani, mlango umefungwa, tunaweza kuvua viatu na kusema lolote.

Nikakunja mkono wake, nikaweka futi. Nikamuuliza ya kazi gani.

"Mzee, wewe ni wetu," akasema kwa sauti ya chini. "Nikatie hicho kitako kiwe cha urefu wa mama watoto. Yeye ni mfupi, ananifika hapa. Na iweze kugeuka kwa ngazi, ngazi zetu ni nyembamba."

Nikaendelea kushika futi. Akanieleza. Wezi waliingia kwake kwa mlango wa nyuma saa kumi jioni, yeye yuko kazini, mkewe na mabinti wawili wako ghorofani. Walichukua walichochukua. Lakini mmoja alisimama chini ya ngazi, akawatazama wale watoto, akawaambia atarudi. Tangu siku hiyo binti mdogo haogi mpaka mtu asimame mlangoni mwa bafu. Mpango wa Josphat ulikuwa amfundishe mkewe, ampe namba ya kabati, na karabini isikae kabatini kila siku. Akaniuliza ni risasi gani haitapenya ukuta wa watoto.

Mke hakuwa na cheti. Hakuwa hata na habari. Nilimuuliza Josphat kama amemwambia, akasema atamwambia ikishafika.

Nilikunja futi yangu. Nikamwambia hicho kitako sikikati, na bunduki hii inarudi ukutani.

Akadhani namtania. Halafu akaniuliza swali ambalo kila mtu huuliza. "Ungekuwa wewe, ni watoto wako, ungefanyaje?"

"Ningeweka mlango," nikamwambia. "Mlango wa mti mgumu, fremu ya chuma, komeo tatu. Nitakuja Hayes nikuwekee mimi mwenyewe. Karabini hii ukiiweka kwenye ngazi zako, Josphat, atakayekuja kupigwa nayo ni mtoto anayeshuka kunywa maji."

"Sikiza nikwambie, mzee," akaanza, kisha akaacha. Alikasirika namna ya watu wapole, alizidi kuwa na adabu. Akasema hakuja kuomba seremala. Akasema maduka yako mengi, na huko kwingine hakuna mzee wa kumuuliza mara mbili. Akachukua cheti chake, akamwambia mwenye duka kwa Kiingereza kizuri kwamba amebadili mawazo, akatoka.

Na alichosema kilikuwa kweli. Hilo ndilo lililonikalia kifuani. Cheti chake kilikuwa safi. Duka la pili angesema yadi hamsini na Jumapili, angeondoka na karabini yake mchana ule ule. Mtu pekee London nzima aliyejua ni ya kazi gani alikuwa mimi.

Nikaenda kumwambia mwenye duka. Alikuwa mtu mwema, marehemu sasa, ila alikuwa na tabia ya mbuni, ya kuficha kichwa mchangani. Akaniuliza kama yule bwana alisema hayo kwa Kiingereza. Nikamwambia hapana.

"Basi hakuna aliyesikia," akasema.

"Mimi nilisikia. Au masikio yangu yanahesabiwa kwa Kiingereza tu?"

Sikumngoja ajibu. Nilichukua simu ya dukani, nikapiga ofisi ya polisi wanaoshughulikia vyeti. Kijana aliyepokea alitaka maneno hasa aliyoyatumia yule bwana. Nikampa maneno hasa, kwa Kiswahili, neno kwa neno, kisha nikamfasiria. Akasema hawezi kuandika lugha hiyo. Nikamwambia nitamtajia herufi moja moja, mimi wa darasa la nne nazijua zote, aandike, na akinitilia shaka atafute wa kumsomea. Tulikaa kwenye simu muda mrefu. Aliandika.

Wakaenda Hayes, wakaongea naye. Josphat si mwongo, alipoulizwa hakukana. Cheti kikachukuliwa, na klabu ikamwandikia barua asirudi. Jumapili zake zote zikaisha kwa simu moja ya mzee wa Tanga.

Sikumficha. Nilimwandikia ujumbe mwenyewe nikamwambia ni mimi, asije akamlaumu mwingine. Ndani ya wiki mji mzima ulijua, maana watu wetu hawahitaji magazeti. Kulikuwa na waliokuwa wakiniita Fundi, wakaanza kuniita Afande. Kwenye harusi moja ukumbini Lewisham niliketi, meza ikapungua, na mtu mmoja akasema ili nisikie, "Tuongeeni pole pole, jamani, serikali imekaa hapa."

Nikamwambia aongeze sauti, serikali ni mzee na masikio yake hayasikii vizuri. Wakacheka, wenyewe hawakupenda kucheka. Nikala pilau yangu yote, nikaongeza.

Mpaka leo kuna watakaosoma haya wakasema mzee amejisifu kwa kumchongea ndugu yake kwa wazungu. Semeni. Nilikuwa na njia mbili tu, na ya pili ilikuwa kunyamaza halafu kusubiri kusikia habari za mtoto wa Hayes kwenye msiba, niende nimepiga kanzu, niweke mchango wangu kwenye bahasha, niseme poleni. Ningekuwa mtu mzuri sana. Kila mtu angeniita Fundi. Nyinyi vijana wa kazi hii mtakutana na siku kama hiyo, na atakayekuja kwenu hatakuwa jambazi. Jambazi haji dukani na cheti. Atakuja baba wa watu mwenye hofu ya kweli, anayezungumza lugha yenu, na atawaita wetu. Mpimeni. Muulizeni mara ya pili. Jibu likiwa baya msijifanye viziwi.

Lakini sitasema kwamba sikuumia. Kila nilipoingiza chuma kwenye mti miezi ile nilimkumbuka yule binti wa mlangoni mwa bafu. Nilikuwa nimemwondolea baba yake bunduki, sikuwa nimemwondolea mwizi.

Jumamosi moja asubuhi mwanamke mfupi aliingia dukani, bado na sare ya kazi ya kutunza wazee, macho ya mtu aliyetoka shifti. Mwenye duka akataka kumhudumia, yule mama akapitiliza moja kwa moja mpaka mezani kwangu. Akasema yeye ni Mama Shiru, mke wa Josphat. Nikavuta kiti. Hakuketi.

"Umemvua nguo mume wangu mbele ya watu," akasema.

Nikamwambia ndiyo, nimemvua. Sikuomba radhi, na nilimwambia kwamba sitaomba.

"Sikuja kuombwa msamaha. Mimi hakuna mtu aliniuliza kama naitaka hiyo bunduki. Si yeye, si wewe, si polisi. Mmegombana juu ya mkono wangu, mmeupima mkiwa wawili, na mimi sipo."

Hapo, wadogo zangu, niliweka patasi chini. Katika miaka yote ya kuuliza watu mara mbili, sikuwa nimefikiri kwamba kuna mtu wa tatu wa kuulizwa. Nilikuwa na namba ya mumewe, nilikuwa na ulimi, ningeweza kumtafuta mama huyu na kumweleza. Sikufanya. Nikamwambia hilo ni kosa langu, na hilo nalikubali.

Akatazama bunduki ukutani kama mtu anayetazama nguo asizozipenda. Kisha akasema, "Ananiambia ulisema utatuwekea mlango. Ulikuwa unasema tu, ama utakuja?"

Nikamuuliza upana na urefu. Alikuwa navyo vimeandikwa kwenye karatasi, na alikuwa amepima vizuri, mpaka kizingiti.

Mlango niliutengeneza pale pale karakana, wa mti wa mvule, huku huuita iroko, nikauingizia bamba la chuma katikati, na bawaba niliziweka kwa masizi kama alivyonifundisha Harbans, ingawa mlango hauhitaji usahihi huo. Nilikuwa na hasira na hasira huchonga vizuri. Jumapili jamaa mmoja mwenye gari la mizigo akanishusha Hayes, akanisaidia kuutoa mlango, akauegemeza kwenye ukuta wa mbele, akaondoka kwa sababu alikuwa na safari nyingine.

Nyumba yenyewe iko katikati ya safu ya nyumba zilizoshikana. Hakuna njia ya pembeni, kila kitu cha nyuma kinapita sebuleni. Josphat alifungua. Nikasema hodi ingawa mlango uko wazi. Alisimama na mikono kifuani, amevaa soksi, siku ambayo miezi michache nyuma angekuwa klabuni. Binti mdogo alichungulia kutoka kwenye ngazi, akamuuliza baba yake kwa Kiingereza huyu ni nani. Akamwonyesha kwa kidole arudi juu.

Nikarudi kwenye mlango wangu. Iroko na chuma, na mimi nina mgongo wa mtu aliyeinama mezani tangu ujana. Nikashika upande mmoja, ukainuka, upande wa pili ukaburuza kwenye simenti. Nikapumzika. Nikajaribu tena, nikausogeza hatua moja. Kule barazani jirani mmoja alikuwa ametoka kutazama. Mama Shiru akataka kuja, mumewe akamzuia kwa mkono.

Kisha nikasikia soksi kwenye simenti. Akasimama upande wa pili wa mlango, hajaugusa, ananitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu siku ya futi.

"Uliniuza, mzee."

"Nilikuuza," nikamwambia. "Shika upande wako, tuingize ndani."

Akainama, akashika.